Shangazi Anajibu: Mama wa Kigiriki, tovuti yake, na wale walioandika bure

Toleo lililopita nilimgusia kwa aya chache Arianna Huffington, Mgiriki aliyehamia Uingereza kisha Marekani, akaanzisha gazeti la mtandaoni la Huffington Post mwaka 2005. Miaka sita haikutimia, likauzwa kwa dola milioni 315. Nilidhani nimemaliza, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja za kila namna: za kumsifu kupita kiasi, za kumponda, na moja inayouliza kama huyo mama ni ndugu yangu. Si ndugu yangu. Nimechagua hizi chache, na zilizofanana nimeziunganisha.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari. Uliandika kwamba Arianna alifika Cambridge akiwa na Kiingereza cha kubabaisha. Sasa aliingiaje? Au alikuwa mtoto wa wakubwa? (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Mtoto wa wakubwa hakuwa. Alizaliwa Athens mwaka 1950, jina la ukoo Stassinopoulos. Baba yake, Konstantinos, alikuwa mwanahabari kama utakavyokuwa wewe. Wajerumani walipoikalia Ugiriki alihariri gazeti la siri la kuwapinga, wakamkamata wakamtupa kambini. Vita vilipoisha alirudi kwenye magazeti, na huko bahati haikumfuata: anaanzisha moja linakufa, anaanzisha jingine linakufa. Nimekaa kwenye dawati la uhariri umri wangu wote, wanaume wa namna hiyo nawajua. Toleo la kwanza linatoka na hotuba, la tatu linatoka na madeni. Nyumbani nako alikuwa na wanawake wa nje, na mkewe alipolalamika akaambiwa asiingilie mambo yasiyomhusu. Elli, ndiye mama, akachukua binti zake wawili akaondoka.

Basi siku moja Arianna akaona picha ya Cambridge kwenye jarida, akatangaza kwamba atasoma pale. Kila aliyesikia alicheka, isipokuwa mama yake. Hela hazikuwepo, lakini Elli alitafuta tiketi za ndege za bei ya chini, wakaenda Uingereza kuutazama mji tu. Hawakuwa na miadi na mtu yeyote. Hawakupiga hodi kwenye ofisi yoyote. Mvua ilikuwa inanyesha, wakazunguka majengo wakiwa wameloa, binti akajaribu kujiona akiwa mwanafunzi humo, wakapanda ndege wakarudi. Mimi kama mzazi nimeisoma habari hiyo zaidi ya mara moja. Mama mwingine angesema soma kwanza, ufaulu, ndipo tuzungumze nauli.

Alifanya mtihani, akapata nafasi pamoja na ufadhili katika Girton College, ambacho enzi hizo kilikuwa chuo cha wanawake watupu. Alisoma uchumi. Lakini darasa lake halisi lilikuwa Cambridge Union, jumuiya ya midahalo ambako vijana wa Kiingereza hujifunza kugombana kwa adabu. Aliingia humo na lafudhi ya Athens, wakamcheka. Akaendelea kwenda. Akasimama kuzungumza, wakamcheka tena, akasimama tena. Mwaka 1971 akachaguliwa rais wa Union hiyo, mwanamke wa tatu tu kushika nafasi hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lafudhi yenyewe haijamtoka mpaka leo. Msikilize akihojiwa, utadhani ameshuka kwenye ndege jana. Kwa hiyo, mwanangu, kama walimu wako wanakubana kuhusu matamshi, wasikilize, ufaulu mtihani, lakini usikae kimya darasani ukisubiri siku ambayo ulimi utanyooka.

Shangazi, acha kutupambia. Huyo mama aliolewa na mtoto wa mafuta, akaachika na fungu lake, akafungua kampuni. Hata mimi ningeweza. (Msomaji mwenye macho)

Ungeweza, dada? Haya, tuifuate njia yenyewe.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka London mwaka 1973. Mchapishaji alikuwa amemwona kwenye mdahalo uliorushwa na televisheni, akamwandikia barua kumwomba aandike. Kikauzwa vizuri. Cha pili kilihusu uongozi wa siasa, na wachapishaji zaidi ya thelathini walikikataa, mmoja baada ya mwingine. Hela za kitabu cha kwanza zikawa zinaisha. Mwenyewe husimulia kwamba alikuwa anatembea St James's Street, London, roho imemshuka, akaona tawi la benki ya Barclays. Akaingia, akaomba kuonana na meneja, akamwomba mkopo. Dhamana hakuwa nayo hata ya kusingizia. Meneja akampa. Arianna anasema kila mwisho wa mwaka humtumia kadi.

Kilichomtoa London ni mapenzi. Kwa miaka alikuwa na Bernard Levin, mwandishi wa safu wa The Times, mtu mzima aliyemzidi kwa zaidi ya miaka ishirini, ambaye hakutaka ndoa wala watoto. Arianna alipotimiza miaka 30 akaona hapa nitazeekea kwenye uchumba. Mwaka 1980 akafunga virago akahamia New York. Hupenda kutania kwamba yote yaliyompata maishani yametokana na mwanamume mmoja kukataa kumuoa.

New York aliingia na wasifu wa Maria Callas, mwimbaji wa opera, Mgiriki mwenzake. Kitabu kikavuma. Kikaleta pia dai la kunakili kazi ya mtu mwingine, likamalizwa kwa malipo nje ya mahakama. Doa hilo lipo, na wanaomsifu hulipita haraka mno.

Ndipo mwaka 1986 akaolewa na Michael Huffington, wa familia ya mafuta na gesi ya Texas. Kwa hiyo ulichosema kipo, ila kinakuja baada ya miaka kumi na tatu ya vitabu. Mume aliingia Bunge la Marekani, na mwaka 1994 akagombea useneta wa California. Alimwaga karibu dola milioni 28, akashindwa na Dianne Feinstein. Waandishi wa siku zile walikuwa wanasema aliyetaka kiti zaidi ni mke. Ndoa ikavunjika mwaka 1997, wakiwa na mabinti wawili.

Ndoa ilimwachia jina la ukoo analotumia mpaka leo, na ilimwachia uwezo wa kuishi kwenye nyumba kubwa huko Brentwood, Los Angeles. Hiyo nyumba ina maana kubwa kuliko unavyofikiri, nitaieleza kwenye barua inayofuata. Lakini mtaji wa tovuti aliutafuta pamoja na Kenneth Lerer, aliyekuwa kigogo wa AOL Time Warner, kampuni kubwa ya mtandao na habari, na wawekezaji wengine wakaongeza. Mwaka 2008 kampuni ya Oak Investment Partners peke yake iliweka dola milioni 25. Wanawake walioachana na matajiri wa mafuta wapo wengi, dada yangu. Nitajie mwingine mwenye gazeti.

Shangazi, umesema kampuni ilianza kwa "kukaribisha watu". Biashara gani inaanza hivyo? Mimi nataka kuelewa ilivyofanya kazi, si hadithi. (Mfanyabiashara mdogo)

Swali zuri, na hapa ndipo ninapopapenda.

Tuanze na Elli. Aliishi na binti yake karibu maisha yote mpaka alipofariki mwaka 2000, na jiko lake halikulala. Arianna ameandika kwamba mtu akileta kifurushi mlangoni, au fundi akija kutengeneza bomba, haondoki kabla hajaketishwa akala. Binti alikulia kwenye nyumba hiyo. Alipokuwa mtu mzima aliifanya hivyohivyo, isipokuwa waliokuwa wanaketishwa walikuwa maseneta, waigizaji, wanahistoria na matajiri wa Hollywood. Huko Brentwood watu walikuwa wanakutana kwake kula na kubishana siasa. Mimi nasema kipaji chake ni hicho. Kuna waandishi wengi wanaomzidi kuandika, na wafanyabiashara wengi wanaomzidi hesabu. Wa kumzidi kukusanya watu sijamwona.

Desemba 2004, baada ya John Kerry kushindwa urais na George W. Bush, watu walikutana sebuleni kwake kujadili kwa nini upande wao, wa Kerry na mrengo wa kushoto, hauna sauti mtandaoni. Upande wa pili ulikuwa na Drudge Report, tovuti iliyokuwa inawaendesha wahariri wa Washington mbio. Kwenye kuianzisha Huffington Post alikuwepo Lerer. Alikuwepo Jonah Peretti, kijana aliyekuwa amejulikana mwaka 2001 kwa barua pepe zake za ubishi na kampuni ya Nike zilizosambazwa dunia nzima. Na alikuwepo Andrew Breitbart, ambaye aliwahi kumfanyia Arianna utafiti, akafanya kazi Drudge, na baadaye akajenga tovuti ya mrengo wa kulia inayoitwa kwa jina lake. Ndiyo, ni Breitbart huyohuyo.

Tovuti ilifunguliwa tarehe 9 Mei 2005. Siku hiyo hiyo Nikki Finke wa LA Weekly aliichanachana, akaifananisha na filamu tatu zilizoanguka vibaya kuliko zote Hollywood, zote kwa pamoja. Na kwa kweli mwanzoni ilikuwa kama baraza ambalo wenye majina wamekaa mbele: mchekeshaji Larry David, Ellen DeGeneres, John Cusack, mwanahistoria Arthur Schlesinger aliyekuwa na miaka 87. Schlesinger, kama Arianna anavyosimulia, hakujua blogu ni kitu gani, wakakubaliana awe anatuma mawazo yake kwa faksi.

Lakini majina makubwa yalikuwa ni chambo. Mashine yenyewe ilikuwa nyuma. Sehemu ya kwanza ni wahariri waliokuwa wanachukua habari za magazeti mengine, wanazifupisha, wanaziwekea kiungo cha kwenda kwa mwenyewe na kichwa cha habari kinachovutia kuliko cha mwenyewe. Magazeti yalilalamika, na yalikuwa na haki ya kulalamika. Sehemu ya pili ni vichwa vya habari vyenyewe. Sisi wa karatasi tulikuwa tunagombana mezani saa sita usiku, mhariri mkuu anaamua, tunakwenda kulala. Wao waliandika vichwa viwili kwa habari moja, nusu ya wasomaji wakaona hiki na nusu wakaona kile, na baada ya dakika tano hivi kile kilichobofywa zaidi ndicho kilichobaki. Mhariri mkuu akawa ni kidole cha msomaji.

Sehemu ya tatu ni Google. Hapa nitakupa mfano mmoja tu, maana unatosha. Tarehe 5 Februari 2011, siku moja kabla ya fainali ya mpira wa Kimarekani, tovuti ilichapisha habari iliyoitwa, kwa tafsiri yangu, "Super Bowl inaanza saa ngapi?" Ndani hamna kitu zaidi ya saa yenyewe, maneno yamezungushwazungushwa ili kila anayeuliza Google swali hilo aangukie pale. Watu wakamiminika. Waandishi wa kizazi changu walikasirika, wengine wanaitaja mpaka leo kama kifo cha taaluma. Mimi sikukasirika sana. Msomaji aliuliza saa, akaambiwa saa. Kosa ni kuifanya kazi hiyo asubuhi mpaka jioni.

Usiku wa fainali yenyewe, AOL na Huffington Post walikuwa wamekubaliana kuuziana, na Februari 7 dunia ikasoma: dola milioni 315, nyingi zikiwa taslimu. Mei mwaka huohuo, kwa hesabu za comScore, kampuni inayohesabu wasomaji wa mtandaoni, tovuti ikaipita ya New York Times kwa idadi ya wageni wa Marekani. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa makala kumi za David Wood kuhusu wanajeshi waliorudi Iraq na Afghanistan wakiwa na majeraha mabaya. Wood alikuwa mwandishi wa vita wa miaka mingi, na alikuwa analipwa mshahara. Shika neno hilo la mshahara, linakuja.

Shangazi, naandikia tovuti moja makala kila wiki, muda mrefu sasa. Hawanilipi. Mhariri ananiambia "unajijengea jina". Nilipomgusia malipo akanitajia Huffington Post, kwamba pale hata maprofesa waliandika bure. Nimwambie nini? (Mwandishi wa bure)

Mwanangu, mhariri wako amekupa nusu ya habari, akabaki na nusu inayomfaa.

Pale palikuwa na makundi mawili. Wahariri na waandishi wa habari walioajiriwa walilipwa. Wanablogu, ambao walifika maelfu, hawakulipwa hata senti. Hoja ya Arianna ilikuwa hii: watu huenda kwenye vipindi vya televisheni kutoa maoni yao bila malipo, na hufurahi kualikwa, hapa ni vilevile. Hakuna aliyewapangia siku. Hakuna aliyewapangia mada. Anayetaka anaandika, asiyetaka hatafutwi. Na makala ilibaki mali ya mwandishi, anaweza kuipeleka kwingine kesho yake.

Kwa Larry David hoja hiyo haina tatizo. Larry David hahitaji malipo ya makala. Lakini chukua mtu kama Mayhill Fowler, mama wa California aliyekuwa mwandishi wa kujitolea katika mradi wa tovuti hiyo wa kufuatilia uchaguzi wa mwaka 2008. Nauli anajilipia mwenyewe. Aprili 2008 aliingia kwenye hafla ya kumchangia fedha Barack Obama huko San Francisco, hafla ambayo wanahabari hawakuruhusiwa, akamrekodi akisema kwamba watu wa miji midogo iliyopoteza ajira wamejaa uchungu, wameshikilia bunduki na dini. Fowler alikuwa anamuunga mkono Obama. Alikaa na maneno yale siku kadhaa akisita. Kisha akaandika. Kampeni nzima ikatikisika kwa wiki kadhaa, kila televisheni ikaitaja Huffington Post. Wahariri waliolipwa walifurahi. Fowler aliendelea kuandika bure, akaomba malipo, akaona hayaji, na mwaka 2010 akaondoka akaeleza hadharani sababu. Kama kuna mtu aliyejijengea jina kwa kuandika bure, ni yeye. Jina lilikuwepo, hundi haikuwepo.

Halafu zikaja zile milioni 315. Sasa wanablogu wakaanza kupiga hesabu: hiki kilichouzwa ni nini, kama si sisi? Aprili 2011 Jonathan Tasini, mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyekuwa ameandika pale makala zaidi ya 200, akafungua kesi kwa niaba ya wenzake akidai dola milioni 105. Tasini si mtu wa kubahatisha. Mwaka 2001 alikuwa ameishinda New York Times katika Mahakama Kuu ya Marekani, baada ya makala za waandishi wa kujitegemea kuingizwa kwenye hifadhi za kielektroniki bila ridhaa yao. Safari hii alishindwa. Machi 2012 Jaji John Koeltl wa New York aliitupa kesi, kwa sababu rahisi: waliandika wakijua hawalipwi, hakuna aliyewaahidi chochote, na kugeuka baada ya mali kuuzwa ni kubadili masharti mchezo ukiwa umekwisha.

Jaji alikuwa sahihi kisheria, sina ubishi. Lakini mimi ningekuwa Arianna, siku zile hela zilipoingia, ningetenga fungu kwa wale waliofanya kazi ya kweli, hata kama ni dogo, na Fowler angekuwa wa kwanza. Ukiwalisha watu mezani kwako ni ukarimu. Ukiuza meza pamoja na waliokaa, basi wagawie. Hilo ndilo jambo ninalomlaumu, na nimemsoma akilijibu mara nyingi bila kuridhika.

Sasa turudi kwa mhariri wako. Mwambie hivi: Huffington Post haikumwekea mwanablogu siku ya kuleta makala. Wewe anakuwekea. Haikumpa mada. Wewe anakupa. Ukichelewa anakupigia simu, sivyo? Basi hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Akitaka mtindo wa Arianna auchukue wote: andika utakapopenda, kuhusu utakalopenda, na makala ibaki yako. Muulize pia makala zako za nyuma ni za nani. Mwambie akuandikie jibu, asikujibu kwa mdomo. Tasini alishinda mara ya kwanza kwa sababu haki zake hazikuwa zimetolewa kwa maandishi, na alishindwa mara ya pili kwa sababu alitoa kwa hiari yake mwenyewe. Wewe bado uko katikati.

Na umwambie kwamba Januari 2018 tovuti hiyohiyo, chini ya mhariri mkuu aliyemfuata Arianna, Lydia Polgreen, ililifunga jukwaa la wanablogu wa bure wa Marekani. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtandao umejaa kelele na habari za uongo, na jukwaa la kila mtu halikuwa na thamani tena. Kama mhariri wako anafuata mfano, afuate mpaka mwisho wake.

Shikamoo Shangazi. Kigeugeu! Alikuwa kulia, akahamia kushoto. Tumwamini vipi? (Baba wa Watatu)

Marahaba. Alihama kweli, na hakuficha. Miaka ya tisini alikuwa mchambuzi wa kihafidhina, karibu na Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi kwa chama cha Republican. Kufikia mwaka 2003 aligombea ugavana wa California kama mgombea binafsi, akitokea upande wa pili kabisa, akajitoa siku chache kabla ya kura, na Arnold Schwarzenegger akashinda. Maelezo yake ni kwamba aliamini matajiri wangewasaidia maskini kwa hiari bila serikali, akaona hawafanyi hivyo. Unaweza kuamini au usiamini. Wenye kumpinga husema alifuata upepo, na mimi naona alifuata watu aliokuwa anakula nao. Sitaki kulirefusha.

Shangazi, mwanamke, tena mgeni, kwenye bodi za wanaume inakuwaje? (Katibu)

Nitakupa tukio moja. Mwaka 2016 aliingia bodi ya Uber. Juni 2017 kampuni ilikuwa kwenye kashfa ya unyanyasaji wa wanawake, wafanyakazi wote wakaitwa kwenye mkutano. Arianna akasimama akasema kwamba kampuni ikiwa na mwanamke mmoja bodini, uwezekano wa kumpata wa pili unaongezeka. Mjumbe mwenzake, bilionea David Bonderman, akamkatiza: kinachoongezeka ni maneno mengi. Yaani kwenye mkutano uleule wa kujadili heshima kwa wanawake! Sauti ya mkutano ilivuja, na kabla siku haijaisha Bonderman alikuwa ameomba radhi na kujiuzulu. Arianna aliipokea radhi. Mimi sijui kama ningeipokea siku hiyohiyo.

Nasikia siku hizi anauza usingizi. Ni kweli, au ni maneno ya watu? (Nesi wa zamu ya usiku)

Ni kweli, mdogo wangu, na najua wewe utaguna.

Aprili 2007, tovuti ikiwa haijafikisha miaka miwili, alikuwa anafanya kazi saa kumi na nane kwa siku. Akiwa nyumbani kwenye meza yake ya kazi alizimia, akaangukia kona ya meza, akaamka kwenye damu yake. Mfupa wa shavu umevunjika, juu ya jicho pakashonwa. Alipelekwa kwa daktari huyu na yule wakitafuta uvimbe kichwani au ugonjwa wa moyo. Hawakuona kitu. Alikuwa amechoka tu.

Akaandika vitabu kuhusu jambo hilo, na Agosti 2016 akaondoka Huffington Post kwenda kuanzisha Thrive Global, kampuni inayoyauzia makampuni mengine mafunzo ya kupunguza uchovu kwa wafanyakazi. Walikuwa wanauza hata kitanda kidogo cha simu, chenye shuka, cha kuilaza simu nje ya chumba chako usiku. Dola mia moja. Nilipokiona nilicheka peke yangu, kisha nikaitazama simu yangu chini ya mto.

Ila nina jambo na usingizi wake. Mwenye kampuni anaweza kujiagiza alale kwa muda wa saa nane. Wewe wa zamu ya usiku, unayerudi asubuhi ukakuta watoto wanataka chai, hukukosa usingizi kwa kukosa maarifa. Ulipangiwa zamu. Vitabu vyake vina sura nyingi kuhusu simu na mto, na chache mno kuhusu anayepanga zamu.

Sasa tovuti ni ya nani, na Arianna yuko wapi? (Wengi)

AOL ilinunuliwa na kampuni ya simu ya Verizon mwaka 2015, jina likafupishwa kuwa HuffPost mwaka 2017, na Novemba 2020 ikatangazwa kwamba mnunuzi mpya ni BuzzFeed, kampuni nyingine ya habari za mtandaoni. Mkuu wa BuzzFeed wakati huo alikuwa nani? Jonah Peretti, yuleyule kijana wa barua pepe za Nike aliyekuwepo tangu mwanzo. Mauzo yalikamilika mwanzoni mwa mwaka 2021, na Machi mwaka huo wafanyakazi 47 wa HuffPost nchini Marekani wakaambiwa kazi zao zimekwisha, hao wakiwa ni wale wa kulipwa.

Arianna bado anaongoza Thrive Global. Mwaka 2024 alitangaza pamoja na Sam Altman wa OpenAI kampuni nyingine, ya akili bandia itakayowashauri watu kuhusu kula, kulala na mazoezi. Ameshapita miaka sabini na bado anakaribisha watu. Safari hii atakayeketi nao mezani ni mashine. Barua kuhusu akili bandia tafadhali mtumie mwenzangu wa ukurasa wa teknolojia, yeye ndiye anayelipwa kwa hizo.